Simu ya Askari: Mwongozo wa Kuchagua Simu, Laini na Kifurushi Ukiwa Kikosini Unguja au Pemba

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua simu kwa macho. Ilikuwa pana, ina kamera tatu, na muuzaji wa Darajani aliifuta kwa kitambaa cha miwani utadhani ananikabidhi pete. Wiki ya tatu nikapangiwa Pemba, kituo cha pwani kilichojificha nyuma ya kilima. Simu ikageuka kioo cha kunyolea ndevu. Mtandao haukamati, chaji haifiki Magharibi, na mke wangu akitaka kuniambia mtoto ana homa anampigia mwenzangu mwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe.

Niliyoandika hapa ni kwa mdogo wangu aliyemaliza kwata juzi na mshahara wa kwanza unamwasha mfukoni, awe JWTZ au vikosi vya Zanzibar: KMKM (kuzuia magendo), JKU (kujenga uchumi), KVZ (valantia), Mafunzo (magereza) au Zimamoto. Ukiwa raia unanunua simu ya mtaa unaoishi. Askari ananunua simu ya kituo ambacho bado hajakijua, na hilo linabadili kila kitu.

Hatua ya kwanza: uliza amri kabla ya kuuliza bei

Ukiwa bado kuruta, usinunue. Sisi simu zetu zilikusanywa siku tuliyoripoti, zikafungwa kwenye mfuko wa gunia, na tulipozirudishiwa baadhi ya betri zilikuwa zimevimba. Kama una simu, iache kwa mama.

Ukishapangiwa kituo, mwulize saji au mkuu wa zamu maswali matatu: simu inaruhusiwa wapi, saa ngapi, na je, simu yenye kamera inaruhusiwa kupita getini? Kuna sehemu za kazi simu huachwa mapokezi. Simu itakayolala kwenye kisanduku cha getini pamoja na nyingine thelathini isiwe ya bei mbaya, na ibandike plasta yenye jina lako. Nimeshuhudia makoplo wawili wakigombea simu nyeusi za aina moja mpaka mtoto wa mmoja wao alipopiga.

Hatua ya pili: kipime kituo

Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtandao mzuri ni ule unaokamata pale unapolala na pale unapokaa lindo. Matangazo ya redioni hayajui kilima chako. Pemba imejaa vilima na mabonde ya mpunga. Unaweza kusimama juu ya kilima Wete ukaona vimistari vyote, ukashuka bondeni dakika tano usipate hata kimoja. Unguja upande wa mashariki ni tambarare na mawimbi hutembea vizuri, lakini maeneo ya mahoteli kama Nungwi na Paje, wageni wakijaa, intaneti usiku huwa nzito hata kama vimistari vimejaa.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza usinunue laini mpya. Azima za wenzako, moja baada ya moja, zitie kwenye simu moja ileile, maana simu mbili tofauti hazikamati sawa na utakuwa unalinganisha simu badala ya mitandao. Pima sehemu nne: kitandani, bwaloni, lindoni kama amri inaruhusu, na sehemu unayokaa ukiwa huru. Pima mchana, halafu pima tena saa mbili usiku wakati kila mtu yuko hewani. Usiangalie vimistari tu. Piga simu ya dakika mbili ukisikiliza kama sauti inakatika, na tuma ujumbe mfupi uone unachukua muda gani kufika. Mimi nilifanya hivyo na kidaftari cha skuli, nikazunguka kambi kama mpima ardhi. Wenzangu wakacheka, kisha wakaja kuniuliza matokeo.

Kama kazi yako ni ya majini, jua mipaka. Simu ya 2G kwa kawaida haivuki kilomita 35 kutoka mnarani, hata bahari ikiwa wazi. Mnara umepangiwa muda wa kungoja jibu la simu, na jibu linalochelewa zaidi ya hapo haulipokei. Mkondo kati ya Nungwi na ncha ya kusini ya Pemba ni kama kilomita 50. Katikati uko kama kilomita 25 kutoka kila upande, ndani ya mpaka huo lakini mbali na minara, kwa hiyo usitegemee simu. Mawasiliano ya boti ni redio ya boti. Ukifika pale mtandao ulipokatika, weka simu kwenye hali ya ndege. Simu inayotafuta mnara usiokuwepo inajilazimisha kwa nguvu zake zote, na itakufia kabla hujarudi gatini.

Hatua ya tatu: laini

Mitandao unayoijua: Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL, na Yas, jina lililochukua nafasi ya Tigo na Zantel mwezi Novemba 2024. Zantel ilianzishwa 1999 na namba zake za 077 mpaka leo ndizo wazee wengi wa Unguja na Pemba wanazozijua kwa moyo. Hilo si jambo dogo. Mtandao wa kuchagua kwa ajili ya pesa si ule unaokamata kambini kwako. Angalia mkeo au mama yako anatumia nini, na wakala wa nini yuko karibu naye, mwenye fedha mkononi siku za mwisho wa mwezi. Pesa huvuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine siku hizi, lakini angalia makato kwanza. Na mama wa kisiwani Kojani hapandi mashua kwenda kutafuta wakala.

Kwa hiyo jibu langu ni laini mbili: ya nyumbani na pesa, na ya kituoni kwa intaneti. Laini ya tatu ni ya kujipoteza.

Sajili kwa jina lako mwenyewe. Tangu 2019 laini inasajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina kazi zake nyingine. Najua utasema alama zako hazisomi. Mikono inayovuta kamba na kushika jembe hulika vidole. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, jaribu kidole kingine, na nenda asubuhi kabla ya kazi ya jasho. Usikubali kusajiliwa kwa jina la shemeji eti kwa haraka. Rafiki yangu mmoja alifanya hivyo. Shemeji akaachana na dada yake, laini ikapotea, na akiba yake ya miezi minne ikawa inahitaji kidole cha mtu asiyemsalimia.

Wakala akikwambia weka kidole tena, haikusoma, mwombe akuonyeshe kioo. Wapo wanaosajili laini mbili kwa mteja mmoja na kuiuza ya pili kwa tapeli. Ukitoka hapo, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usiyoijua, rudi kwenye ofisi ya mtandao huo uikane siku hiyohiyo. Fikiria jina la askari likikutwa kwenye laini ya utapeli, utakavyojieleza mbele ya mkuu wako.

Ukihamishwa na mtandao wako ukawa haufiki kituo kipya, si lazima ubadili namba. Tangu 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ukabaki nayo: nenda na kitambulisho kwenye ofisi ya mtandao unaouhamia. Kabla ya hapo toa pesa zote zilizomo kwenye laini na lipa deni la salio ulilokopa, maana salio na bando havihami nawe.

Kule Marekani askari akihamishwa kwa angalau siku 90 mahali ambapo mkataba wake wa simu haufanyi kazi, sheria iitwayo Servicemembers Civil Relief Act inamruhusu kuuvunja bila faini. Sisi wengi tunalipa kabla ya kutumia, hatuna mkataba wa kuvunja. Tunachoacha nyuma ni bando.

Hatua ya nne: simu mbili, na kitochi ndicho cha kwanza

Ukiwa na pesa ya simu moja tu, nunua kitochi, kile ambacho bara wanakiita kiswaswadu. Kinakaa na chaji siku kadhaa, kikianguka unaokota betri na mfuniko unavirudisha maisha yanaendelea, na hakuna mkuu atakayekiogopa kwa sababu ya kamera. Chagua chenye laini mbili na vitufe unavyoweza kubonyeza gizani bila kutazama. Halafu jifunze kuizima ile tochi iliyokipa jina. Mwanga wa simu lindoni unaonekana mbali kuliko unavyodhani, na kioo kinachowaka usoni kinakuharibia macho. Utangoja dakika nyingi kabla ya kuona gizani tena.

Simu kubwa inunue ikiwa ya pili, kwa mambo matatu tu: betri, uimara na masafa. Betri isipungue 5000 mAh. Kambini soketi moja inagombewa na watu kumi, na umeme wetu unatoka bara kwa nyaya za chini ya bahari. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya ulipoharibika tukakaa gizani miezi mitatu, hahitaji kuelezwa maana ya akiba. Pawabenki ya 10,000 mAh haikupi 10,000. Sehemu inapotea katika kubadili umeme, kwa hiyo hesabu kujaza simu ya 5000 mara moja na kidogo.

Uimara kwa watu wa pwani maana yake ni chumvi. Alama ya IP67 inasema simu imevumilia maji baridi ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Haikutaja bahari. Simu yangu iliingia maji ya chumvi nilipokuwa nafunga kamba gatini, nikafanya kosa la watu wote: nikaiwasha kuona kama nzima. Iliwaka, ikanionyesha picha ya mwanangu, ikazima moja kwa moja. Ikikutokea, izime, usiichaji, isuuze haraka kwa maji baridi yasiyo chumvi, ifute, ipeleke kwa fundi aifungue. Mchele hauondoi chumvi, upike ule. Bora zaidi, nunua mfuko wa kuzuia maji wenye kamba ya shingoni, na kabla ya kuuamini utie tishu kavu, uzamishe kwenye ndoo nusu saa, utizame kama tishu imelowa.

Masafa ni hivi: mawimbi ya chini, kama MHz 700 na 800, husafiri mbali na hupenya ukuta kuliko ya 1800 na 2100. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa yale tunayotumia sisi, ikawa na 4G mjini na ikakosa shamba. Huwezi kulijua hilo kwa kuitazama, ndiyo maana ya hatua inayofuata.

Hatua ya tano: dukani

Darajani na Mlandege, au Chake kwa walio Pemba, simu nyingi ni mtumba kutoka Dubai. Nyingine ni nzuri kuliko mpya za bei hiyo. Nenda na laini zako zote mbili na pini ya kutolea laini, na usiende siku ya mshahara ukiwa na kombati. Bei inaziona nguo kabla yako.

Piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za utambulisho wa simu (IMEI), na kama ni simu ya laini mbili zitatokea namba mbili. Linganisha na za kwenye boksi, kisha zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine na unayoishika, rudisha kwa adabu uondoke. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima usiku mmoja, na waliolia asubuhi walikuwa na risiti za mdomo.

Kisha tia laini kwenye kila tundu na upige simu kweli. Ikiandika imefungwa na mtandao wa nje, usikubali ahadi ya kuifungua kesho. Kama ni iPhone, mwambie aifute yote mbele yako. Ikiuliza akaunti ya mtu usiyemjua baada ya kufutwa, hiyo si yako hata ukiilipia. Chaji dakika kumi uone asilimia zinapanda. Washa kamera, piga picha ya karatasi nyeupe utafute madoa. Chukua risiti yenye zile namba 15 zimeandikwa. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Hatua ya sita: kifurushi

Raia ana simu mkononi mchana kutwa. Wewe unayo saa nne au tano, na baadhi ya siku huna kabisa. Kwa hiyo bando la saa 24 ni hasara kwa aliye zamu: unajiunga saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku unaingia lindo, unatoka asubuhi unalala, na muda umekwisha. Bando la usiku wa manane ndilo la kuchekesha zaidi, rahisi kuliko yote, na lako wewe limeangukia saa za bunduki. Nunua la wiki au la mwezi hata kama kwa MB linaonekana ghali kidogo.

Kabla ya kuchagua ukubwa, hesabu. Kuongea kwa WhatsApp kwa sauti hula kama nusu MB kwa dakika. Kwa video ni 5 au zaidi. Dakika 20 za video na watoto kila usiku ni MB 100, kwa mwezi GB 3. Dakika hizohizo kwa sauti ni kama MB 300 kwa mwezi. Mimi nilipanga video Ijumaa tu, siku nyingine sauti, na watoto wakaizoea Ijumaa yao wakawa wanavaa nguo nzuri. Halafu ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime kupakua picha na video zenyewe. Kikundi kimoja cha harusi kinaweza kukumalizia bando ukiwa umelala.

Kwa laini ya nyumbani nunua dakika, si MB. Zima kujirudia kwa kifurushi, maana kinachojinunua chenyewe ukiwa baharini kinakula salio la dharura. Ukinunua kifurushi kilekile kabla cha kwanza hakijaisha muda, mabaki yake yanaendelea. Na ukipata amri ya ghafla ya kusafiri, usiyaache yafe: unaweza kumhamishia mtu wa mtandao huohuo.

Hatua ya saba: ifunge mdomo

Hii haihusu bei, lakini ndiyo inayoweza kukupeleka mahabusu.

Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aliitazama ramani ya wanaokimbia mazoezi iliyotolewa na programu ya Strava, akaona mistari inayong'aa katikati ya majangwa. Walikuwa askari, wanazunguka kambi zao wakihesabu hatua. Na usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 2023 makombora ya Ukraine yalipiga jengo la skuli ya ufundi huko Makiivka walimolala wanajeshi wa Urusi. Wizara ya Ulinzi ya Urusi yenyewe ilitaja vifo 89, ikasema sababu kuu ni askari kuwasha simu kwa wingi kinyume na amri.

Utasema hapa hakuna vita. Kuna karafuu. Msimu wa mavuno Pemba, mwenye magunia ya kupeleka Mombasa kwa njia ya panya hahitaji jasusi. Anahitaji status yako. Ukijipiga picha jioni umeegemea boti na nyuma yako gati, umeshamwambia boti haiko baharini. Picha ya kombati mpya inamwambia nani kafika, na maneno "naimiss Unguja" yanamwambia umehamishiwa wapi.

Kwa hiyo: ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima mahali. Ruhusa ya mahali iondoe kwa kila programu isiyo ramani. Usitume mahali ulipo kwa mtu yeyote kutoka kambini, hata mwenye pikipiki. Mwelekeze kwa jina la duka. Weka namba ya siri ya hatua ya pili kwenye WhatsApp. Na picha za kombati baki nazo mpaka ustaafu, mimi zangu nazionyesha sasa na hazimdhuru mtu.

Matapeli nao wanawapenda askari. Wapo wanaompigia mke wa askari: "Mumeo kapata ajali, tuma pesa ya dawa haraka." Kubalianeni neno moja la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulibuni; asiyelijua hatumiwi kitu. Ujumbe wa namna hiyo peleka 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Ukienda mbali zaidi

Wenzetu wa JWTZ wameshakwenda Darfur, Lebanon na Congo kulinda amani, na kila safari wapo waliorudi wakakuta namba zao zina watu wengine. Laini inayokaa miezi bila kutumika hufungwa na namba hupewa mteja mpya. Benki inatuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo, na WhatsApp yako imejengwa juu yake. Ichukue, izimie data ya nje ya nchi kabla ndege haijaruka, na mara kwa mara itumie: tuma ujumbe, nunua salio dogo. Ukiiacha kwa mke maana yake umemwachia na benki. Mimi niliiacha na sikujuta, lakini ndoa yako unaijua wewe.

Mwisho chukua karatasi moja uiache nyumbani ndani ya msahafu au chini ya godoro. Andika zile namba 15 za kila simu, namba zako mbili, jina la mtandao wa kila moja, na 100, namba ya huduma kwa wateja ambayo mkeo atapiga kutoka laini ya mtandao huohuo kuomba laini ifungwe siku simu ikipotea. Namba ya siri ya pesa usiiandike hapo.